Ijumaa Niliyomkaribisha Mgeni Kwenye Kufuli

Mgeni alikuwa amesimama mbele ya mlango uliofungwa kufuli. Jua la alasiri la Ghubra, hapa Maskati, lilikuwa limempiga mpaka mashavu yamekuwa mekundu, na mkononi ameshika mfuko wa karatasi uliojaa kalamu. Aliponiona natokea kwenye kona ya sabla, akafurahi, akanipungia mkono kama mtu aliyekuja kumpokea ndugu yake uwanja wa ndege. Sabla ni ukumbi wetu wa mtaa, tunaozia humo, tunasomea khitma humo, na kile chumba cha pembeni chenye kufuli ndicho kilichokuwa darasa letu.

Mimi ndiye niliyemwambia aje. Nilimwambia kwa mdomo wangu, kila Ijumaa baada ya alasiri tuko hapa tunasoma, karibu. Na kufuli lile nilikuwa nalijua. Lilikuwapo pale tangu kabla ya Ramadhani.

Njia nzima kutoka kwangu Ansab nilikuwa najiambia hatokuja. Wazungu wana ratiba zao, atakuja kufanya nini? Nilitoka nyumbani kwa kisingizio cha kununua mchele, nikamwambia dereva wa teksi anishushe karibu na sabla, nione mlango mtupu, nirudi zangu na moyo wangu umetulia. Nikamkuta.

Kando yake alisimama binti wa Kiganda anayefanya kazi katika nyumba iliyo nyuma ya sabla. Yeye Ijumaa ndiyo siku anayoruhusiwa kutoka, na kabla ya kufuli alikuwa akisoma pamoja nasi. Kiingereza anakijua, na Kiswahili chake alikipata kwa Wakenya alioishi nao hapa hapa Maskati. Mgeni akasema naye, naye akanigeukia.

"Mama, huyu anauliza, sisi ndio tumefika mapema ama mwalimu ndio amechelewa?"

"Mwambie mwalimu anaumwa."

Akatikisa kichwa.

"Hiyo siwezi sema, mama. Kwa nyumba kila siku nasema madamu hayuko, na yuko tu kwa sofa anakula njugu. Ile ni kazi, nalipwa. Sasa huu uongo wako niuseme bure?"

Nikalishika kufuli, nikalitikisa kidogo, kama mtu anayetaka kuona kama kweli limefungwa. La nini kulitikisa? Moto wake uliniunguza vidole, nikaendelea kulishika, maana kulishika kulinipa sababu ya kumkwepa yule mgeni usoni.

Nimeshavuka hamsini. Nna wajukuu. Ili mtu aelewe vipi mtu mzima kama mie anafika kutikisa kufuli mbele ya mgeni, lazima nirudi Unguja, nilikokuwa mtoto wa skuli.

Wakati ule nchi ilikuwa ya chama kimoja, ya ujamaa, na marafiki wa wakubwa wetu walikuwa nchi za kikomunisti. Marafiki hao wakija kututembelea, tunaotolewa uwanjani ni sie watoto. Halaiki. Asiyeijua nimwambie: ni watoto wengi, sare moja, wanakwenda kwa filimbi, wanajipanga wanakuwa nyota, wanajipanga wanakuwa jembe, wanapandana mabegani wanakuwa mnara. Ukiwa umekaa jukwaani kwenye kivuli inapendeza sana. Tulitolewa darasani kwenda mazoezini mpaka daftari zikaliwa na mchwa. Hesabu ya kugawa ilifundishwa wakati mie niko juani nafundishwa kutabasamu, na mpaka leo nikienda sokoni Ruwi kugawa ananigawia muuza duka.

Mwalimu mkuu alisikia kuwa wageni watapita mbele ya skuli. Akaamrisha kuta zipakwe chokaa, ukuta unaoelekea barabarani tu. Wa nyuma, wa upande wa vyoo, ukabaki na ukungu wake.

Mie nilikuwa mwepesi, nikawekwa juu kabisa ya mnara. Filimbi ya kundi letu aliishika kiranja mmoja, msichana mkubwa kuliko sie, sauti kali, anapendwa na walimu. Huyo mkumbukeni.

Siku yenyewe, mmoja wa waliosimama chini yangu alilegea magoti kwa jua. Nilikuwa nimeshainua mikono yote miwili na kutabasamu kama nilivyofundishwa. Nikashuka nayo hiyo mikono juu. Paja nililisikia kwa masikio kabla ya kulisikia kwa maumivu. Bendi haikusimama. Walinikokota kwa makwapa mpaka chini ya jukwaa, na juu yangu, juu ya zile mbao, nikasikia viatu vya wageni na makofi yao. Mwalimu mkuu akainama akachungulia, akasema gari la hospitali lisipite mbele ya wageni, lingoje hotuba zimalizike. Halafu akaenda zake kukaa. Yule kiranja ndiye aliyeambiwa abaki nami. Aliniziba mdomo kwa kiganja, akaniambia, "Usilie, wageni watasikia."

Sikulia. Hotuba zikasomwa, zikafasiriwa, zikapigiwa makofi. Mguu ulipokuja kuungwa uliungwa upande, na ndivyo ninavyotembea mpaka leo. Niliporudi skuli baada ya muda mrefu, mwalimu mkuu akaniambia nafasi yangu imeshajazwa. Ameshafariki, sasa anaulizwa na anayejua kuuliza. Mie namtaja tu: mwalimu mkuu wa skuli yetu, aliyesikiliza hotuba na mtoto amevunjika chini ya kiti chake.

Maskati nilikuja kigori, pamoja na mama mdogo. Nikapata kazi ya kupika chai na kufagia maofisini. Kiarabu changu ni cha kusikia, na cha msahafu nilichosoma chuoni. Karatasi ya ofisi ikiwekwa mbele yangu naona wadudu tu. Kila nikiwa na haja serikalini nnakwenda na mtu. Kwanza mume, na mume alipofariki, mwanangu. Tukifika mlangoni ananiambia, "Mama, wewe kaa, usiseme kitu, nitasema mimi." Nnakaa. Wanazungumza shida zangu, mimi natazama kiyoyozi.

Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Unguja kama sisi, alipoanzisha darasa katika kile chumba cha pembeni, nilikuwa wa mwanzo kuingia. Halikuwa darasa la kusoma hadithi. Alitufundisha kuomba. Unataka taa mbele ya nyumba yako, unaandika vipi, unampelekea nani, na usipojibiwa unauliza vipi mara ya pili bila ya kutukana na bila ya kulia. Alikuwa akijifanya afisa, anakunja uso, anatufukuza: "Njoo kesho!" Nasi tunatakiwa tusitoke. Tulicheka sana katika chumba kile. Binti wa Kiganda ndiye aliyekuwa hodari kupita wote, akiambiwa njoo kesho anajibu, "Kesho nitakuja, na leo pia niko." Barabara ya mbele ya sabla ilikuwa magari yanapita mbio, tukaomba matuta. Tukawekewa. Siku ile nilivuka barabara ile kwenda na kurudi bila ya haja yoyote.

Basi tukanogewa. Tukaona mbona tunaomba kwa serikali tu? Jumuiya yetu ya wanawake pale sabla haijapata kuchagua mwenyekiti hata siku moja. Aliyeianzisha ndiye aliyebaki. Na mwenyekiti huyo ni nani? Ni yule yule wa filimbi. Aliwahi kuja Maskati kabla yangu. Na nisiwe mwongo, amenitendea mema mengi: kazi yangu ya kwanza alinitafutia yeye, harusi yangu alisimamia yeye, mama yangu mdogo alipofariki alimwosha kwa mikono yake. Ya chini ya jukwaa hatukupata kuyazungumza. Tukikutana ni shoga huku, shoga kule.

Tukakubaliana darasani niseme mimi. Siku ya khitma moja, baada ya dua, nikasimama nikasema: tunaomba mwenyekiti awe anachaguliwa na kila mwanamke anayekuja hapa, na muda wake uwe na mwisho.

Mwenyekiti akacheka. "Haya jamani, kumbe mmenichoka! Si mngesema tu nikalale kwangu?"

"Astaghfirullah, Bi Mwenyekiti," mmoja akadakia, "ukilala wewe wali wa shughuli nani ataupika?"

"Mchagueni huyo, mle ubwabwa badala ya wali!" akasema mwengine, akininyooshea mimi kidole.

Sabla zima likacheka. Hata wa darasani wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao, nikakaa chini. Ijumaa iliyofuata tukakuta kufuli. Chumba kinatengenezwa, tukaambiwa. Mwalimu wetu hakutaka maneno, akabaki nyumbani kwake. Fundi hakuonekana, wala ngazi, wala ndoo.

Miezi ikapita, mwenyekiti akanipigia simu.

"Shoga, nna kheri. Kuna wageni wanakuja kutoka Albania."

"Ndio wapi?"

"Ulaya huko. Walikuwa makomunisti kweli kweli, hata misikiti waliifunga. Sasa wamefunguka, wanatembelea nchi za watu kuona wananchi wanavyoshiriki mambo yao, na wao wanaeleza yao. Afisa wao wa ziara ameniuliza kama nna kitu cha kuwaonesha. Nikasema darasa letu."

"Darasa lipi?"

"Hilo lenu la maombi."

"Si umelifunga?"

"Jumatatu nalifungua. Na wewe ndiye utakayesema. Wewe unajua kusema, shoga, wote tulikuona siku ile."

Hapa ndipo ninapotaka ardhi inimeze nikikumbuka. Nilifurahi. Nilikata simu nikaenda kabatini kuchagua abaya.

Jumatatu nilipoingia, kitu cha mwanzo kilichonipokea ni harufu ya rangi. Ukuta unaoonekana ukifungua mlango ulikuwa mpya, mweupe. Nikageuza shingo nikatazama ukuta wa nyuma yetu, ule ambao mpiga picha atakuwa ameupa mgongo: plasta ilikuwa inabambuka kama zamani. Mguu ukaanza kuniuma pale pale.

Viti vimepangwa, kila kiti na kalamu yake. Wanawake kadhaa waliokuwa mbele yangu sijapata kuwaona darasani. Walikuwa jamaa zake mwenyekiti. Mwalimu wetu aliitwa akakataa, na kwenye ubao alisimama binti wa mwenyekiti. Yule wa Kiganda alikuja mbio na kanga yake safi, akaambiwa aende jikoni aoshe vikombe vya kahawa.

"Akikaa hapa," mwenyekiti akaninong'oneza, "watadhani ni darasa la watumishi."

Nilisema nini? Nilisema, "Ewallah, sawa."

Wageni wakaingia, wakakaa, wakala halua, wakanywa kahawa. Nikasimama, nikasema kwa Kiarabu maneno niliyopewa niyahifadhi, kwamba hapa tunajifunza kuuliza na kujibiwa. Makofi. Katika wageni alikuwapo mama mmoja wa makamo, mwalimu wa skuli huko kwao, nywele fupi zenye mvi. Hakupiga makofi. Alikuwa akinitazama mguu, kisha uso, kisha ukuta wa nyuma. Akasema kitu, na afisa wa ziara, kijana wetu hapa hapa, akafasiri huku akichekacheka:

"Anauliza, mliomba nini ambacho hamkupewa?"

Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa amekaa mbele, pembeni ya wageni, na akapeleka kiganja mdomoni kwake. Labda alikuwa anakohoa kweli, sijui. Mie nilichokiona ni kile kiganja.

"Alhamdulillahi," nikasema, "hakuna tulichonyimwa. Kila Ijumaa baada ya alasiri tuko hapa tunasoma. Karibu."

Hilo karibu lilitoka lenyewe. Sie tumelelewa hivyo, mtu akipita tunakula tunamwambia karibu, na yeye anajua kushukuru na kwenda zake. Yule mama alitoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake mwenyewe: Ijumaa.

Kisha akafungua mdomo kuuliza jengine, na mwenyekiti akanitolea jicho la mlangoni. Nililielewa. Chetezo kilikuwa tayari, makaa yanawaka. Hapa Omani udi ukishapitishwa, mazungumzo yamekwisha, mgeni anaaga. Nikaweka udi, nikakipeleka mimi mwenyewe, nikichechemea, mpaka mbele ya yule mama, na swali lake likiwa bado mdomoni. Nilimtia moshi usoni.

Sisi wote tukasimama kwa ada. Wageni hawakujua. Wakabaki wamekaa, wakanusa, wakauliza huu mti gani, wakapiga picha moshi. Tukakaa tena. Mwenyekiti akanipa jicho la pili, nikazunguka na chetezo mara ya pili, tukasimama tena, na wao hao wamekaa, sasa wanakohoa. Mara ya tatu afisa wa ziara ndiye aliyewaambia waziwazi. Wanawake walicheka jikoni mpaka machozi. Binti wa Kiganda hakucheka. Alikuwa anafuta vikombe, akaniambia tu, "Mama, nilikusikia kwa dirisha."

Sasa rudini na mimi kwenye kufuli.

Nilipoliachia, binti alikuwa bado ananingoja. "Nimwambie nini, mama? Sema ya kweli, hiyo nitatafsiri yote."

Nikamwambia. Nilisema nimetazama chini, kipande kipande, naye akipeleka kwa Kiingereza. Kwamba darasa lilikuwapo kweli. Kwamba tuliomba kuchagua mwenyekiti wetu, likafungwa. Kwamba lilifunguliwa kwa ajili yao siku moja tu, na rangi ikapakwa ukuta mmoja. Nikamwambia na ya mguu, ambayo hata mwanangu hayajui yote. Yeye anajua nilianguka tu.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, na binti akanifasiria:

"Anasema hata yeye akiwa mdogo walipangwa kwa barabara na maua, wageni wakija. Wageni wakienda, maua wananyang'anywa, yawekwe kwa maji ya kutumika kesho. Anasema alijua tangu Jumatatu. Ulivyosimama, anasema, yeye pia alikuwa anasimama hivyo."

Nikasema, "Mwambie anisamehe."

"Anasema hataki hiyo. Anauliza ufunguo uko kwa nani."

"Uko kwa mwenyekiti."

"Anasema basi twende."

"Twende wapi?"

"Kwa mwenyekiti! Si kwake ni hapo tu, nyuma ya duka? Anasema, si mlifundishwa kuomba?"

Wote wawili wakanitazama. Nyumba ya mwenyekiti ilikuwa inaonekana tulipokuwa tumesimama, geti la kahawia, maua ya bougainvillea yamelalia ukuta. Nikasema mguu unaniuma.

Ulikuwa unaniuma, ndiyo. Lakini ule mguu umenichukua Makka, umenizungusha masoko ya Ruwi miaka yote hii. Usingeshindwa kufika geti lile. Mgeni alikuwa anasafiri jioni ile. Akampa binti ule mfuko wa kalamu, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, teksi yake ikaja. Binti akabaki ananitazama. "Hizi kalamu nitazificha wapi, mama? Madamu akiziona atasema nimeiba." Nikazichukua mimi. Ziko kabatini, chini ya ile abaya ya Jumatatu.

Tulisema hadharani, na maneno hayakawii. Mwenyekiti alinipigia kabla sijafika Ansab.

"Umenifedhehesha mbele ya wageni, shoga. Sikutegemea kwako."

"Wageni tu ndio wenye kuonewa haya?"

"Sikufahamu."

"Mbele yangu mie huoni haya?"

"Yale ya zamani yaache. Tulikuwa watoto."

Kwa hivyo anayakumbuka. Miaka yote hii nilidhani labda ameyasahau, na nilikuwa nimemsamehe kwa kusahau kwake. Akakata.

Haya basi. Mwalimu mkuu kafa, chama kimoja kimekwisha, wageni wamerudi Albania. Nimebaki na wewe, mwenye filimbi, mwenyekiti wetu, na nayaandika haya kwa Kiswahili chetu ili uyasome mwenyewe, usisomewe. Mtoto wa siku ile simdai kitu. Nakudai wewe mtu mzima, uliyejua kufuli linavyomkaa mtu mdomoni, kisha ukaenda dukani ukanunua jengine.

Ijumaa hii baada ya alasiri nitakuwa mbele ya mlango ule. Nitaleta kiti changu, maana kweli mguu hausimami sana, na binti wa Kiganda amesema atakuja, kesho pia atakuja. Njoo na ufunguo au njoo bila ya ufunguo, lakini uje, utujibu mbele ya wanawake wote: chini ya jukwaa ulitumwa na mwalimu mkuu, je, mara hii umetumwa na nani?

Na usilete chetezo.